Uzi wa Sweta ya Mama Kendi

Sweta ya sufu ikilowa hunuka mbuzi. Ikikaushwa karibu na makaa hunuka mbuzi aliyepita moshini, na ndiyo harufu iliyonikuta juzi hapa Embu, nilipoanika sweta ya shule ya binti yangu juu ya kiti mbele ya jiko, kwa kuwa jua la Julai limegoma kutoka. Binti alikunja pua akasema nyumba inanuka zizi. Mimi nilisogea karibu na ile sweta, nikavuta pumzi, na kama kawaida nikaogopa kugeuka nyuma. Mimi ni mtu mzima. Nalipa kodi ya nyumba na nagombana na wauza nyanya bila wasiwasi. Lakini harufu hiyo ikinipata nahisi kuna mwanamke amesimama mlangoni, anatafuta kitu chake.

Mwanamke huyo ni mama yake Kendi. Kendi alikuwa rafiki yangu na jirani yetu kule juu Meru, mahali ambapo mashamba ya chai yanagusana na msitu na ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Mama yake hakuwa wa kwetu. Aliolewa kutoka Kiritiri, kule chini Mbeere, nchi ya ndengu na mbuzi na jua la kupasua midomo, na baridi yetu hakuizoea hata siku moja. Watu walimcheka. Mchana wa jua kali, wanawake wengine wamejitupia leso mabegani, yeye amevaa sweta ya kijani iliyofungwa hadi shingoni. Alifumiwa sweta hiyo na mama yangu. Alichuma chai nayo, alilala nayo, na Jumapili aliivaa juu ya gauni lake zuri, akaharibu gauni bila kujali.

Alipougua kifua na kufa, sisi watoto hatukuambiwa ugonjwa. Tulisikia tu wakubwa wakisema, "Baridi ilimwingia." Nililielewa neno hilo hivyo hivyo lilivyo. Baridi ilikuwa kitu kinachozungukazunguka nje ya nyumba kikingoja nafasi, na ilimpata siku aliyovua sweta ili aifue. Alizikwa amevalishwa gauni jeupe la kitambaa chepesi, lenye mikono mifupi. Kendi, aliyesimama kando yangu, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Sweta yake iko wapi?" Nikamwambia anyamaze, watu wanaomba.

Kwetu nguo za marehemu hazikai. Baada ya mazishi ndugu hukutana, sanduku likafunguliwa, kila nguo ikapewa mtu wa kuondoka nayo. Siku hiyo sweta haikuonekana. Walipekua chini ya kitanda, wakapekua gunia la maharagwe, wakaanza kutazamana kwa macho ya kando, kila shangazi akimdhania mwenzake. Kikongwe mmoja aliyekuwa ameketi karibu na moto akasema polepole, "Nguo ya mtu isipogawiwa, mwenyewe atakuja kuitafuta." Nilikuwa nimesimama pale na birika la chai. Nikarudi nyumbani mbio, na tangu siku hiyo nikawa sikai tena mahali ambapo mgongo wangu unaelekea mlango.

Si muda mrefu baadaye Kendi alikuja kwetu na mfuko wa unga wa karatasi chini ya kwapa. "Nifundishe kufuma," akasema.

Lazima nieleze kwamba katika jambo hilo nilikuwa mtu mkubwa. Mama yangu aliishi kwa sindano. Alinunua sweta za mitumba huko Gakoromone, zile zilizotoboka viwiko zisizotakiwa na mtu, akazifumua, akaufua uzi, akauanika umefungwa jiwe ili unyooke, kisha akafuma upya kofia za watoto na sweta za shule na kuzirudisha sokoni Gakoromone kule kule zilikotoka. Nilijua kufuma kabla sijajua kusoma vizuri. Sindano zangu zilikuwa spoki za baiskeli nilizozinoa kwenye jiwe, na wimbo wangu ulikuwa ule ambao Mama alinifundishia: ingia, zungusha, toka, angusha. Sindano inaingia kitanzini, uzi unazungushwa, sindano inatoka na kitanzi kipya, kile cha zamani kinaangushwa. Hakuna kingine. Mtu akijua maneno hayo manne anajua nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kutokuwa na haraka.

Kendi hakutaka tukae nyumbani. Alitaka kibanda cha kuni, nyuma, asipofika Mama mara nyingi. Nilidhani anaogopa kuchekwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na madonge ya uzi wa kijani uliojikunjakunja, kijani cha kila namna, mahali kimekolea, mahali kimepauka kwa jua. Niliuliza, "Umetoa wapi hii uzi?" Akajibu, "Niliokota." Nikaridhika. Mtoto akiitwa mwalimu hana maswali mengi.

Nilimfundisha kwa ukali, kama tulivyofundishwa shuleni, na aliporudia kosa lile lile mara ya tatu nilimpiga kofi dogo la mkono. Alikuwa mzito mwanzoni. Kuanza ndiko kulikomshinda kabisa, kule kutengeneza vitanzi vya kwanza juu ya sindano tupu. Kila mara alinipa spoki na uzi akasema, "Nianzishie." Nikimwanzishia, anaendelea, ulimi umetoka pembeni, anaimba chini chini, ingia, zungusha, toka, angusha. Kisha kipande kikishafika upana wa kiganja anakitazama, anavuta uzi, anafumua chote. Nilikasirika. Nilimwambia anapoteza uzi na muda wangu. "Bado si nzuri," alisema. Hata hivyo nazikumbuka alasiri zile kwa raha ambayo sijaipata tena: mvua juu ya mabati, harufu ya kuni mbichi, viazi vitamu vilivyochomwa vimefungwa kwenye jani, na mtu mwingine akishika ghafla kwa mikono yake kitu nilichokuwa nacho peke yangu. Siku aliyomaliza mstari mzima bila kitanzi kuponyoka alinyoosha kazi yake juu kabisa, tukatazama mwanga ukipita kati ya vitanzi, tukacheka tu.

Kisha mvua ikazidi paa. Tone likaanza kuangukia mfuko wa karatasi, na kabla hatujauondoa uzi ukawa umelowa. Harufu ikapanda. Ilikuwa sufu mbichi, moshi, majani ya chai na mafuta ya mgando ya kujipaka mikononi. Ilikuwa Mama Kendi mwenyewe, namna alivyonukia akiinama kunipa uji. Nilitupa spoki chini. Niliutazama mlango wa kibanda nikaona ukungu umesimama pale, mweupe.

"Ni yake," Kendi akasema. Hakuniangalia. "Niliifumua kwa choo siku ile wageni walikuwa wamejaa. Wangempa Tata."

Tata ni dada ya mama yake, yule wa Kiritiri.

"Sasa Tata angefanya nini na sweta?" akaendelea. "Kwao ni joto. Angefunika tu magunia ya makaa. Lakini hii saa si sweta. Ni uzi. Uzi haigawiwi."

"Atakuja kuitafuta," nikasema. "Cucu alisema, yule bibi wa motoni."

"Najua. Na ndio maana nataka kumrudishia kabla hajakuja." Akafuta pua kwa kiwiko. "Wewe uliona ile nguo alivaa. Huko chini ni maji matupu. Hajawahi kulala bila sweta hata siku moja."

Nilitaka kukimbia. Nilibaki kwa sababu alikuwa analia bila sauti, na pia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunihitaji namna ile. Niliokota spoki. Nilipoingiza kitanzi kimoja baada ya kingine niliushika uzi kwa ncha za vidole tu, kwa maana sasa nilijua ninashika nini. Nikamwanzishia upya, na safari hii nikamwambia asifumue tena hata akikosea. Alikosea mstari wa pili tu, kitanzi kikaponyoka kikaacha tundu la kuingia kidole. Tuliliacha hapo.

Muda haukuwa upande wetu. Ilikuwa imeamuliwa kwamba shule zikifungwa Tata atamchukua Kendi aende kulelewa Kiritiri, kwa kuwa baba yake ni mwanamume peke yake na mwanamume peke yake hawezi kulea msichana. Baba Kendi alikuwa mtu mrefu asiyesema. Hakulia mazishini, na wanawake walilisema hilo hadi wakachoka. Alikuwa akipita kwenye njia ya shamba na koti lake kubwa na jembe begani, anasalimia kwa kuinua kidevu, basi. Hakuna aliyemuuliza kama anataka binti yake aende.

Tulipiga hesabu ya sweta tukaona haiwezekani. Sweta ina mikono na shingo, na mimi mwenyewe shingo sikuijua. Tukiwa hapo tunabishana ndipo Mama alipoingia kuchukua kuni. Aliuona uzi. Mtu aliyefuma nguo kwa mikono yake haisahau, hata ikifumuliwa. Alibana midomo, nami nikangoja kofi. Akatoka na kuni zake. Aliporudi alikuwa ameshika sindano zake mwenyewe, zile nzuri za chuma nilizokatazwa kuzigusa.

"Msifume sweta," alisema. "Fumeni kitu kimoja kirefu, kinaenda mbele tu. Kendi aende nayo Kiritiri akumbuke mama yake. Haba na haba." Hiyo ndiyo methali pekee ya Kiswahili aliyokuwa nayo, na hakuwahi kuimaliza.

Hatukumwambia kwamba haiendi Kiritiri.

Tulifuma kwa zamu. Tulifuma tukichunga ng'ombe, tukingoja maji yajaze mtungi, tukijificha nyuma ya darasa. Kendi akawa mwepesi kuliko mimi, jambo lililoniuma kidogo. Alipokuwa akifuma alizungumza na uzi, si nami. Mara nyingine aliacha kuimba katikati, akainua kichwa kama aliyeitwa, kisha akaendelea kutoka neno lile lile alipoachia. Sikumuuliza alichosikia. Niliogopa atanijibu.

Uzi uliisha kabla Tata hajafika. Kilichotoka ni kitu chembamba na kirefu, kirefu kuliko sisi wawili, chenye tundu moja mwanzoni. Alasiri ya mwisho, wakubwa wakiwa wamepeleka majani ya chai kwenye kituo, tulikwenda kaburini, mpakani mwa shamba karibu na migomba. Udongo ulikuwa bado umeinuka, maua yamekauka ndani ya nailoni. Kendi akaitandaza skafu yake kutoka msalabani hadi miguuni. Akaingiza kingo zake udongoni kwa vidole, upande mmoja, upande wa pili, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. "Usisikie baridi tena," akamwambia. Tulishikana mikono, tukaondoka bila kugeuka, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema tusigeuke.

Aliondoka asubuhi na mapema, ameketi kwenye matatu kati ya Tata na debe la siagi. Mchana nilitumwa maji. Nilipita karibu na migomba nikajilazimisha kutazama. Skafu haikuwepo. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, hakuna alama ya mguu wala ya mkono.

Sasa elewa hofu yangu. Sikushangaa imechukuliwa. Tulimpelekea ili aichukue. Kilichonitisha ni kwamba ili kuichukua ilibidi aamke. Na mtu akishaamka, nani alisema atarudi kulala? Nilianza kuzunguka njia ndefu ya mtoni. Mama akaniona nimekonda akaninunulia dawa ya minyoo.

Jumapili moja, kanisani, Baba Kendi alikaa benchi la mbele yetu. Alikuwa na koti lake kubwa, kola imeinuliwa. Aliinama kuomba, kola ikaachana na shingo, nikaona kijani. Kilikuwa kimemzunguka shingo yote, kimembana, na juu kidogo ya mfupa lilionekana tundu la kuingia kidole. Watu waliimba. Mimi sikusikia wimbo. Niliona kwamba Mama Kendi amerudi nyumbani kwake, amepanda mgongoni kwa mumewe, amemkumbatia shingo kwa mikono ya baridi, na hatamwachilia hadi aende naye.

Nilimwambia Mama njiani. Alisimama. Alinifunika mdomo kwa kiganja, si kwa ukali, akasema, "Ulichoona umeona. Usiseme kwa mtu. Hata kwa Kendi. Usimwaibishe."

Nilidhani "usimwaibishe" ni yule aliyekufa. Kwa hiyo hata Mama anajua, nikajiambia, hata Mama anamwogopa. Nilikaa na siri hiyo miaka yangu yote ya shule ya msingi. Kila ukungu uliposhuka nilingoja kusikia kilio kutoka boma la akina Kendi. Niliona kijani shingoni mwa Baba Kendi mara nyingi: akichimba, akikamua, akipita na jembe. Alizidi kuinama, na mimi nikawa nahesabu kwamba anazidi kulemewa. Hakufa. Hakuoa pia, ingawa waliomtafutia walikuwa wengi.

Krismasi ya kwanza Kendi aliporudi kutembea aliniuliza jambo moja tu, "Aliichukua?" Nikasema ilichukuliwa. Hapo sikumdanganya. Alifumba macho akashusha pumzi, na siku zile zote alilala kwetu usingizi mzito hata jogoo hakumwamsha. Aliniambia huko Kiritiri, jua likiwaka, huwa anafikiria mama yake amefunikwa, na anatulia.

Siwezi kusema ni lini nilielewa. Hakuna siku moja. Nilikua, nikapenda mtu, nikaachwa, nikaanza kulala na fulana ya mtu asiyekuwepo, na mahali fulani humo nikamwona tena Baba Kendi akiinama kaburini alfajiri, mikono yenye udongo, akitambua uzi wa mkewe. Mwanamume wa kwetu hawezi kuonekana amevaa sufu ya mwanamke shingoni. Angechekwa hadi kaburini. Yeye ndiye ambaye Mama alikuwa akimsitiri. Nilielewa, na bado sikumwambia Kendi, kwa sababu usingizi wake ulikuwa umesimama juu ya jambo hilo. Hata kuelewa hakukuniondolea yule mwanamke wa mlangoni. Akili ilijua, mgongo haukujua.

Mwezi huu tumemzika Baba Kendi. Alikuwa mzee. Nilipanda kutoka Embu, Kendi akaja kutoka Kiritiri, ambako sasa ni mfanyabiashara wa mbuzi, mwanamke mnene wa sauti kubwa anayejua kubishana na madalali. Baada ya mazishi ndugu walikaa, nguo zikaletwa. Koti lile kubwa lilikuwa la kwanza. Binamu mmoja akalikung'uta, na kutoka ndani ya mkono wake kikaanguka kitu chembamba na kirefu, kimechakaa, karibu rangi ya majivu.

"Hii ni skafu ya nani?" binamu akauliza.

Kendi aliiokota. Aliipitisha mkononi polepole, kama mtu anayetafuta kitu gizani, mpaka kidole chake kikaingia kwenye tundu. Akaacha kidole humo. Kisha akanitazama mimi, katika nyumba nzima iliyojaa watu.

"Ulijua?"

"Nilijua alikuwa nayo," nikasema. "Tangu uende."

"Kwa hivyo mama hakufunikwa."

Nilitaka kumwambia kwamba baba yake naye alikuwa na baridi. Lakini alikuwa amekwisha kuiinua hadi puani, nami nilijua anachokikuta humo: moshi, tumbaku, jasho la mwanamume mzee. Mama yake hakuwemo tena.

"Miaka yote hii nimelala vizuri," alisema. "Sasa ni kama amekufa jana."

Binamu akanyoosha mkono kuipokea ili igawiwe pamoja na nyingine, na hapo Kendi, na wakubwa wote wakimtazama, akatafuta ncha ya uzi, akaipata, akavuta. Mstari wa kwanza ukafumuka. Shangazi mmoja akaguna. Yeye akaendelea kuvuta, uzi ukaja umejikunjakunja, nami nikasogea nikaanza kuuzungusha kwenye vidole vyangu uwe donge, kwa maana kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Tulipotoka nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi migombani. Makaburi yalikuwa pale, moja la zamani lililobonyea, moja jipya. Kendi alikaa kwenye gogo, akatoa mkobani sindano alizonunua asubuhi ile Gakoromone. Sijui alizinunua kwa nini. Hakuwa bado ameiona skafu.

Alinipa sindano na donge.

"Nianzishie," akasema.

"Unafuma nini? Uzi ni mdogo, Kendi. Na umechoka."

"Tutaongeza mwingine. Fanya pana." Alitazama migomba. "Wako wawili sasa."

Mgongo wangu ulikuwa umeelekea mlango wa nyumba. Nilihisi mtu amesimama nyuma yangu, na safari hii sikuogopa kumngojesha. Nikapitisha uzi kidoleni, nikaanza, nikaweka vitanzi vya kutosha watu wawili.